Makosa ya sintaksi katika msimbo ulionakiliwa kitabuni: wanaoanza wasaidiweje?

Mwalimu_Pasua (Moshi)

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya kutwa hapa Moshi, na baada ya vipindi ninasimamia klabu ya kompyuta ya wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu. Tunajifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa kitabu tulichopewa kama msaada, ambacho kurasa zake tumezitoa fotokopi ili kila kikundi kipate chake. Kompyuta zetu ni za zamani, zinatumia Windows 7, na fundi aliyetuwekea Python alituwekea toleo la 3.8.

Tatizo letu ni kwamba wanafunzi wananakili msimbo, yaani maagizo ya programu, wa kitabuni kwa uangalifu mkubwa, na bado mashine inaukataa. Huu hapa ni mfano ambao nimeubadilishia majina ili usomeke kwa Kiswahili:

```
alama = [64, 71, 58]
jumla = 0
for a in alama
    jumla = jumla + a
wastani = jumla / len(alama)
print "Wastani ni", wastani
```

Python inasema `SyntaxError: invalid syntax`, yaani kosa la sintaksi (kanuni za uandishi wa lugha hiyo), kwenye mstari wa tatu. Baadaye niligundua kwamba kitabuni kuna nukta mbili mwishoni mwa mstari huo, ila kwenye fotokopi zimefifia kabisa. Tulipoziweka, kosa likahamia mstari wa sita, ambao umeandikwa sawasawa na ulivyo kitabuni.

Kikundi kingine kilipata kosa kwenye mstari wa pili, ambao ni `jumla = 0` tu, nami sioni kasoro yoyote ndani yake. Kikundi cha tatu kilipiga picha ukurasa kwa simu, kikaugeuza kuwa maandishi na kuuhamishia kwenye kompyuta, na jibu likawa `invalid character in identifier`, ingawa kwa macho yangu mstari wenyewe hauna tofauti na wa kitabuni.

Ninaomba kuelewa mambo mawili. Je, kitabu ndicho chenye makosa? Na je, ni vyema nikasahihisha msimbo wote nyumbani na kuwapa wanafunzi ulio safi, au kuna utaratibu ninaoweza kuwafundisha wausahihishe wenyewe? Yupo binti mmoja makini sana ambaye kila akiona maandishi mekundu hufuta faili lote na kuanza upya, na ninahofia atakata tamaa.

---

Fundi_Sakina (Arusha)

Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo. Nitaanza na namna Python inavyosoma faili, kwa sababu ukilielewa hilo, mengi uliyoyaeleza yanajieleza yenyewe.

Kabla ya kutekeleza hata mstari wa kwanza, Python husoma faili zima ili kuhakikisha kwamba limeandikwa kwa kufuata kanuni za lugha hiyo. Ikikuta mahali ambapo haiwezi kuendelea kusoma, husimama hapo hapo, hutoa taarifa ya kosa hilo moja, na programu haianzi kabisa. Ndiyo maana hata kama mstari wa kwanza ungekuwa na `print` iliyo sahihi, msingeona chochote kikichapishwa. Ndiyo maana pia mlipoweka nukta mbili kwenye mstari wa tatu, kosa la mstari wa sita likajitokeza: lilikuwepo tangu mwanzo, ila Python ilikuwa haijalifikia. Waambie wanafunzi waziwazi kwamba kosa likihama kutoka mstari wa juu kwenda mstari wa chini, wamesonga mbele. Wengi wanaoanza hudhani wameharibu zaidi, wakarudisha walichokuwa wamekisahihisha.

Jambo la pili ndilo gumu zaidi kwao. Namba ya mstari inayotajwa inaonyesha mahali Python iliposhindwa kuendelea, na mara nyingi kosa lenyewe liko juu yake. Nina hakika kikundi chenye shida kwenye `jumla = 0` kiliandika hivi:

```
alama = [64, 71, 58
jumla = 0
```

Mabano ya mraba yakishafunguliwa, Python inaruhusu orodha iendelee kwenye mstari unaofuata, kwa hiyo kuvuka mstari hakuishtui. Inasoma 58, kisha inakutana na neno `jumla` ikiwa bado inadhani imo ndani ya orodha, na kwa kuwa baada ya 58 ilitarajia mkato au mabano ya kufunga, inalalamikia mstari wa pili. Mstari wa pili ni mzima. Mabano yaliyokosekana ni ya mstari wa kwanza. Kanuni ninayowapa vijana wanaokuja kujifunza kwangu ni hii: usome mstari uliotajwa, na usipouona ubaya wake, upande juu mstari mmoja na uhesabu mabano na alama za kunukuu kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa kuhusu kitabu. Hakina kosa, kimepitwa na toleo. Kiliandikwa kwa ajili ya Python 2, ambamo `print` iliandikwa bila mabano. Python 3.0 ilitoka Desemba 2008 ikiwa imebadilisha kanuni hiyo kwa makusudi, na Python 2 iliacha rasmi kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Kwenye toleo lenu la 3.8 taarifa ya mstari wa sita inapaswa kusema `Missing parentheses in call to 'print'`, na hata kupendekeza namna ya kuandika. Mwanafunzi akiisoma hadi mwisho, atakuta jibu limo humo humo:

```
print("Wastani ni", wastani)
```

Fundi wenu hakukosea kuwawekea 3.8, kwa kuwa ndilo toleo la mwisho linalofanya kazi kwenye Windows 7. Ila mfahamu kwamba linawanyima kitu muhimu. Kuanzia Python 3.10, iliyotoka Oktoba 2021, taarifa za makosa ya sintaksi ziliandikwa upya kwa kumfikiria msomaji. Pale ambapo 3.8 inasema `invalid syntax` tu, matoleo ya sasa husema `expected ':'` kwa nukta mbili zilizosahaulika, na kwa mabano ya orodha yenu yangesema `'[' was never closed` na kuonyesha mstari wa kwanza, yalikofunguliwa. Kwa mtu anayeanza, tofauti hiyo ni kubwa mno. Ikiwa shule inaruhusu, kompyuta moja iwekewe Debian 12, mfumo endeshi wa bure badala ya Windows, ambayo huja na Python 3.11 na bado inakubali hata mashine za zamani za biti 32, kisha faili linaloshinda kikundi lipelekwe kwenye mashine hiyo kusomwa.

---

Mzee_wa_Kaloleni (Arusha)

Mwalimu, kwa maoni yangu kitabu hicho kiwekwe kabatini. Mwanafunzi anayeanza ana mzigo wa kutosha bila kuongezewa lugha iliyokwisha kubadilika. Watengenezaji wa Python wenyewe wameweka mwongozo wa bure kwenye tovuti yao, unaolingana na kila toleo, likiwemo hilo lenu la 3.8. Uchapeni huo, muendelee.

---

Kijana_Tengeru (Arusha)

Shikamoo Mwalimu. Naomba nizungumzie kikundi kilichotumia simu, kwa sababu nasi hapa chuoni wengi tulianzia kwenye simu.

Simu inapogeuza picha kuwa maandishi, na hata unapoandika msimbo ndani ya programu za kuandikia barua au kutumiana ujumbe, alama za kunukuu zilizonyooka mara nyingi hubadilishwa kuwa zile zilizopinda, ili maandishi yapendeze. Kwa jicho la mwanadamu ni kitu kile kile, lakini kwa Python ni herufi nyingine kabisa. Katika orodha ya herufi za kompyuta iitwayo Unicode, alama iliyonyooka ina namba U+0022, ile iliyopinda ya kufungulia ni U+201C na ya kufungia ni U+201D. Kati ya hizo tatu, Python inaikubali ya kwanza tu kuwa mwanzo na mwisho wa maneno. Toleo lenu linaposema `invalid character in identifier`, mara nyingi ndilo linalomaanisha. Matoleo mapya huitaja herufi yenyewe pamoja na namba yake. Kistari cha kutoa nacho huweza kubadilishwa kuwa kistari kirefu, U+2013, na hapo hesabu ya kutoa inakataliwa ingawa inaonekana sahihi.

Kuna mambo mengine ambayo picha huyaleta. Namba za mistari zilizochapwa pembeni mwa ukurasa huingia ndani ya msimbo. Nafasi za mwanzo wa mstari hupotea, kwa hiyo mstari uliopaswa kuingia ndani ya `for` hujikuta ukutani, na jibu ni `IndentationError: expected an indented block`. Kibodi ya simu nayo hupenda kuanza kila mstari kwa herufi kubwa, na `For` haikubaliki mahali pa `for`.

Alama zilizopinda zinaweza kubadilishwa zote kwa pamoja. Fungueni faili ndani ya IDLE, programu ya kuandikia msimbo inayokuja na Python, mbonyeze Ctrl na H, mweke iliyopinda kwenye sehemu ya kutafuta na iliyonyooka kwenye sehemu ya kubadilishia. Mfanye mara mbili, kwa ya kufungulia na ya kufungia.

---

Dada_Njiro (Arusha)

Mwalimu wangu, waliotangulia wamekueleza vizuri kuhusu mashine. Mimi ninafundisha wasichana wanaoanza, na ningependa kulijibu swali lako la pili, kwa sababu ndilo lenye uzito zaidi kwangu.

Tafadhali usiwasahihishie msimbo nyumbani. Ukiwapa ulio safi watafurahi jioni hiyo, lakini siku watakapoandika programu yao wenyewe hapatakuwa na mtu wa kuwasafishia, na watakuwa hawajawahi hata mara moja kusoma taarifa ya kosa hadi mwisho. Kwa heshima zote kwa Mzee wa Kaloleni, sikubaliani pia na kukifungia kitabu. Kwa darasa lenye mwalimu, kitabu cha zamani kina faida, maana makosa yake yanajulikana na yanajirudia: `print` bila mabano, `raw_input` ambayo sasa ni `input`, alama ya `<>` (si sawa na) ambayo sasa ni `!=`. Bandikeni ukutani karatasi yenye mabadiliko hayo, na mwanafunzi ajizoeze kuulinganisha ukurasa na karatasi kabla ya kuandika. Ila kwa mtu anayejisomea peke yake nyumbani, hapo namuunga mkono Mzee kabisa.

Angalia hapo kwamba `raw_input` haitatoa kosa la sintaksi. Kwa Python 3 mstari huo umeandikwa kwa kanuni, ila jina lenyewe halipo, kwa hiyo programu itaanza, itafika hapo, kisha itatoa `NameError`. Ni vizuri wanafunzi wajue tofauti hiyo mapema, kwa sababu inawaambia watafute nini: kosa la sintaksi hutafutwa kwenye alama na mpangilio, na kosa la jina hutafutwa kwenye tahajia na toleo.

Msimbo wa kurasa hizi za mwanzo uandikwe kwa mkono, usipigwe picha. Mkono unapoandika nukta mbili ndipo jicho linapojifunza kuziona. Na waandikie ndani ya IDLE badala ya Notepad, kwa sababu ndani ya IDLE kitufe cha Tab huweka nafasi nne, wakati Notepad huweka alama ya tabo yenyewe. Faili likichanganya aina hizo mbili ndani ya kizuizi kimoja, yaani mistari iliyoingizwa ndani pamoja, `TabError` hufuata na mwanafunzi haoni chochote cha kusahihisha, maana zote mbili ni weupe mtupu kwenye skrini. IDLE ya 3.8 ina uwezo wa kuonyesha namba za mistari. Utaupata kwenye menyu ya Options. Na Alt pamoja na X hukagua sintaksi ya faili bila kuliendesha. Wanafunzi wangu huibonyeza kila wanapomaliza sehemu ndogo, kabla msimbo haujawa mrefu.

Kwa binti yako anayefuta faili, ninakupendekezea zoezi hili, na ningeomba ulifanye na darasa zima ili asijione ametengwa. Wape msimbo mfupi unaofanya kazi. Kisha waambie waondoe nukta mbili kwa makusudi, waendeshe, na wanakili taarifa ya kosa kwenye daftari, na kando yake waandike kwa Kiswahili chao kilichosababisha. Warudishe nukta mbili, waondoe mabano ya kufunga. Warudishe, waondoe alama ya kunukuu ya kufungia, hapo 3.8 itasema `EOL while scanning string literal`, yaani mstari umeisha kabla maneno hayajafungwa. Waendelee hivyo, kosa moja baada ya jingine, kila mara wakirudisha walichokitoa. Mwanafunzi aliyelisababisha kosa kwa mkono wake, akajua ni nini alichokitoa, haliogopi tena atakapokutana nalo bila kutarajia. Daftari hilo litamsaidia kuliko maelezo yangu yote haya.

Ipo kasoro moja ambayo hamtaikuta kitabuni, kwa kuwa inatokea pale tunapobadilisha maneno ya Kiingereza kuwa yetu. Mwanafunzi wangu aliandika:

```
print('Bei ya ng'ombe')
```

Python ilionyesha neno `ombe` na kusema `invalid syntax`. Ritifaa ya ng' ndiyo alama ile ile iliyotumika kufungulia maneno, kwa hiyo Python ilidhani maneno yameishia kwenye "ng", ikabaki na `ombe` isiyojua ni kitu gani. Dawa yake ni kutumia alama mbili za kunukuu kwa maneno yote ya Kiswahili:

```
print("Bei ya ng'ombe")
```

Kwenye majina ya vigeu (kama `alama` na `jumla`) ritifaa hairuhusiwi kabisa, kwa hiyo waandike `ngombe`. Kama kitabu chenu kinatumia alama moja ya kunukuu, kama vitabu vingi vifanyavyo, jambo hili litawapata mapema.

---

Mwalimu_Pasua (Moshi)

Marahaba, kijana wangu wa Tengeru, na ninawashukuru nyote. Ni kweli mabano ya kikundi cha pili hayakuwa yamefungwa, na kikundi cha simu kilikuwa na alama zilizopinda pamoja na namba za mistari mbili zilizoingia kutoka pembeni. Zoezi la Dada Njiro tumelifanya. Binti niliyemtaja ndiye aliyejaza daftari kuliko wote, na wenzake sasa humwita wanapokwama.

Limebaki jambo moja ambalo limetushangaza. Baada ya kusahihisha kila kitu, programu ya wastani inafanya kazi bila kosa lolote, lakini inatoa 64.33333333333333, ilhali kitabu kinasema jibu ni 64. Wanafunzi wanadai kwamba bado kuna kosa la sintaksi lililojificha. Je, ni kweli?

---

Fundi_Sakina (Arusha)

Hapana, Mwalimu. Sintaksi ingekuwa na kosa, msingeona jibu lolote. Hii ni tofauti nyingine ya matoleo, na ninafurahi kwamba wanafunzi wako wamelilinganisha jibu na kitabu badala ya kuridhika kwamba mashine imenyamaza.

Jumla ya alama zenu ni 193. Katika Python 2, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, alama ya `/` hutoa namba kamili na kuitupa sehemu inayobaki, ndiyo maana kitabu kilipata 64. Katika Python 3, `/` hutoa jibu lenye desimali wakati wote, na anayetaka namba kamili huandika `//`. Hata chombo cha kubadilisha msimbo wa zamani kiitwacho 2to3, kinachokuja pamoja na toleo lenu, hurekebisha `print` na `raw_input` lakini hakigusi alama ya kugawanya, kwa hiyo hapo ni lazima mtu afikiri mwenyewe.

Kwa wastani wa alama, jibu la mashine yenu ndilo sahihi kihesabu, na la kitabu limekatwa. Acheni `/`, na mkitaka jibu fupi mwandike `round(wastani, 1)`, ambayo itawapa 64.3. Mtakapofika kwenye kurasa zinazogawanya vitu visivyokatika, hapo mbadilishe. Kwa mfano, wanafunzi 31 wakipangwa katika vikundi vya wanne wanne, `31 // 4` inatoa vikundi 7 vilivyojaa, na `31 % 4` inatoa 3 waliobaki. Mkiiacha `range(31 / 4)`, ya kurudia kazi mara kadhaa, kama ilivyo kwenye kitabu cha zamani, Python 3 itasoma faili lote bila manung'uniko, itaanza kazi, kisha itasimama kwa `TypeError` ikisema kwamba namba ya desimali haiwezi kutumika pale panapohitajika namba kamili.